Maswali ya Wasomaji: Kahawa, Presha na Usingizi

Tulipochapisha katika toleo lililopita makala fupi iliyosema kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kunywa kahawa kwa kiasi bila hofu, barua zilitufikia kwa wingi, na nyingi zilitoka kwa watu ambao hawakujiona ndani ya maneno hayo: wenye presha, wajawazito, wafanyakazi wa zamu za usiku, wagonjwa wa tumbo. Wana haki ya kuuliza. Kahawa imelimwa Kenya tangu wamisionari wa Kifaransa walipoipanda Bura, katika nchi ya Wataita, mwaka 1893, lakini sehemu kubwa kabisa ya buni yetu huuzwa ng'ambo na nyumba nyingi zimebaki na chai. Kwa hiyo mashauri mengi tunayosikia kuhusu kahawa yametungwa kwa ajili ya wanywaji wa nchi nyingine, wanaoipika kwa namna nyingine na kuinywa saa nyingine. Nimechagua barua sita, na nitazijibu kwa kuitazama kahawa jinsi inavyonywewa hapa Nairobi. Kuuliza tu kama kahawa ni nzuri au mbaya hakutatufikisha mbali. Kwa kila barua nimetaka kujua anayekunywa ni nani, kahawa yake imepikwaje, anainywa saa ngapi, na pamoja na nini.

Mwanangu daktari, nina umri wa miaka 63 na ninaishi Majengo, Pumwani. Kila siku baada ya sala ya Alasiri mimi na wenzangu huketi barazani tukinywa kahawa tungu ya dele, vikombe vinne au vitano, pamoja na kashata au kipande cha halua. Mwezi uliopita nilipimwa presha ikawa 148 kwa 92, na kijana aliyenipima akaniamuru niache kahawa mara moja. Je, kahawa ndiyo iliyonipandisha presha? Na nikiiacha, naweza kuepukana na vidonge nilivyoandikiwa? – Mzee wa Majengo

Shikamoo mzee wangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo zito: hapana, usiache vidonge. Kuacha kahawa hakuchukui nafasi ya dawa ya presha, na wazee wengi wamepatwa na kiharusi kwa sababu walijiona wazima wakaweka dawa kando.

Sasa tuje kwenye kahawa. Kafeini iliyomo huingia katika damu upesi, na kwa kawaida hufikia kilele katika muda usiozidi saa moja. Kazi yake kubwa ni kuizuia adenosini, kemikali ya mwili ambayo, pamoja na kutuletea usingizi, huisaidia mishipa ya damu kutanuka. Ikizuiwa, mishipa hubana na presha hupanda kwa muda, pengine kwa saa mbili tatu, kisha hushuka. Kwa mtu asiyezoea kahawa kupanda huko huonekana wazi. Kwa mtu kama wewe, ambaye mwili wake umeizoea kwa miaka, huwa kudogo zaidi. Ndiyo maana ningependa kujua ulipimwa saa ngapi. Ikiwa ulitoka barazani ukapitia kliniki moja kwa moja, ukapimwa ukiwa bado unahema kwa kutembea, kipimo kile hakiwezi kutegemewa peke yake. Anayepimwa presha anatakiwa awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa dakika 30, awe amekwenda haja ndogo, akae kimya kwa dakika tano huku mgongo umeegemezwa na nyayo ziko sakafuni, na mkono wake uwekwe juu ya meza usawa wa moyo; kisha apimwe mara mbili. Rudi ukapimwe hivyo, asubuhi, kabla ya kikombe cha kwanza. Ukiona wanakuharakisha, waombe kwa upole wakusubiri.

Kuna kiwango cha presha ambacho mbele yake nami ningekukataza bila kusita. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2022, uliowafuatilia watu zaidi ya 18,000 kwa karibu miaka 19, ulionyesha kwamba wenye presha ya 160 kwa 100 au zaidi waliokunywa vikombe viwili vya kahawa au zaidi kwa siku walikabiliwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu iliyokaribia maradufu, ikilinganishwa na wenye presha kama hiyo wasiokunywa kahawa. Kwa waliokunywa kikombe kimoja ongezeko hilo halikuonekana, wala kwa watu ambao presha yao ilikuwa chini ya hapo. Wewe, kwa kipimo ulichonitajia, hujafika huko.

Kinachonipa wasiwasi zaidi katika barua yako si kafeini, ni dele, yaani lile birika la kuchemshia kahawa. Kahawa inayochemka juu ya makaa kwa muda mrefu bila kuchujwa hubaki na mafuta ya buni, na ndani ya mafuta hayo kuna kitu kiitwacho kafestoli ambacho hupandisha kolesteroli mbaya katika damu. Jambo hili lilianza kudhihirika miaka ya 1980 katika mji wa Tromsø, Norway, ambako watu walikuwa na desturi ya kuchemsha kahawa na kuinywa machicha yake yakiwa yametuama chini ya birika, kama tunavyofanya sisi. Wanywaji wakubwa wa kahawa ile walikutwa na kolesteroli ya juu kuliko wenzao. Kahawa iliyopita kwenye chujio la karatasi huacha karibu kafestoli yote kwenye karatasi. Vikombe vya barazani ni vidogo, visivyo na mikono, na vinne vyake havizidi sana kikombe kimoja kikubwa cha mgahawani kwa ujazo, kwa hiyo sikutishi. Lakini mtu wa miaka 63 mwenye presha anapaswa kuijua kolesteroli yake. Omba upimwe. Ikiwa iko juu, tumia nyumbani kahawa iliyochujwa kwa karatasi, na barazani uwe na viwili.

Halua na kashata ni sukari kwa sehemu kubwa, na kuzila kila alasiri kunakudhuru kuliko kahawa tungu yenyewe, ambayo haitiwi sukari. Onja kipande siku ya Ijumaa, siku nyingine ule tende moja. Baraza lenyewe usiliache. Sikupendezwa hata kidogo na amri ile ya kuacha mara moja, iliyotolewa bila mtu kukuuliza unakunywa nini, wapi na pamoja na nani. Mzee anayetoka nyumbani kila siku akatembea, akaongea na kucheka na wenzake, ana kitu ambacho hakiuzwi duka lolote la dawa.

Daktari, mimi ni mlinzi wa usiku katika ghala moja Eneo la Viwanda. Huingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Usiku hunywa vikombe vitatu au vinne vya kahawa ya pakiti, cha mwisho saa kumi alfajiri, na mara nyingine kopo moja la kinywaji cha kuongeza nguvu. Majuma machache yaliyopita niliacha sigara. Tangu hapo kahawa ileile inanitetemesha mikono, moyo unaenda mbio, na nikifika nyumbani Mukuru sipati usingizi hadi adhuhuri. Wenzangu wanasema mwili unadai sigara. Ni kweli? – Mlinzi

Ndugu yangu, kwanza hongera. Umefanya jambo kubwa kwa mapafu na moyo wako, na nakusihi usirudi nyuma kwa sababu ya vikombe vya kahawa. Wenzako hawajakosea kabisa, kwani mwili ulionyimwa nikotini hukosa utulivu na usingizi kwa muda. Hata hivyo kuna sababu nyingine ambayo watu wengi wanaoacha sigara hawaelezwi.

Kafeini huvunjwavunjwa na ini, kwa kutumia kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi hiyo) ambacho moshi wa sigara hukichochea kufanya kazi kupita kawaida. Ni moshi unaofanya hivyo, wala si nikotini. Kwa mvutaji, kafeini hutoka mwilini kwa kasi inayokaribia maradufu ya asiyevuta, na ndiyo sababu wavutaji wengi hunywa kahawa nyingi bila kuisikia. Mtu akiacha sigara, katika siku chache kimeng'enya hurudi kwenye kazi yake ya kawaida, nacho kikombe kilekile sasa hukaa katika damu muda mrefu zaidi. Ulipokuwa ukivuta, vikombe vinne vilikutosha; leo vinne hivyohivyo vinakufikia kama vile umekunywa vinane. Punguza nusu. Usiku wenyewe utaona tofauti mikononi.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya mwaka 2015, ilisema mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku nzima, na zisizidi 200 kwa mkupuo mmoja, bila kudhurika. Kijiko cha chai cha kahawa ya kuyeyuka hutoa takriban 60. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na takriban 80, na makopo makubwa huwa na maradufu yake. Ukijumlisha, hujavuka 400, na bado unatetemeka. Hapo ndipo nasema takwimu ya jumla haitoshi, kwa kuwa ini la kila mtu lina mwendo wake. Jambo jingine: kahawa nyingi za kuyeyuka huchanganywa na robusta, ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika inayolimwa Nyeri na Kirinyaga, na pakiti zile zilizochanganywa tayari na maziwa huwa na sukari nyingi kuliko kahawa. Soma nyuma ya pakiti; kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi.

Sasa usingizi. Kwa mtu asiyevuta, nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya takriban saa tano. Kikombe chako cha saa kumi alfajiri kina nusu ya nguvu zake saa tatu asubuhi, wakati ambapo umekwisha jilaza na jua linapiga bati. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2013 lilionyesha kwamba miligramu 400 za kafeini, hata zikinywewa saa sita kabla ya kulala, hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima, na wanywaji wenyewe hawakuhisi sana kwamba wamepunjwa. Kunywa kikombe cha kwanza mara tu unapoingia zamu, cha pili kisipite saa sita usiku, na baada ya hapo uende na maji, mwendo wa miguu kuzunguka ghala, na chakula kidogo. Kile kinywaji cha kopo kiache kabisa kwa sasa. Ukifika nyumbani, ziba dirisha kwa kitambaa cheusi. Ila kama moyo utaendelea kwenda mbio hata siku ambazo hujanywa kahawa, au ukapata maumivu ya kifua au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri toleo lijalo la jarida.

Daktari, nina mimba ya miezi mitano. Kazini mjini hunywa vikombe viwili vikubwa vya kahawa, na nyumbani Kayole chai asubuhi na jioni. Kliniki wameniambia damu yangu iko chini, 10.2, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Huvimeza na chai ya asubuhi kwa sababu nikivimeza na maji natapika. Mama mkwe anasema kahawa itamfanya mtoto awe mweusi. – Mama Mtarajiwa

Dada yangu, rangi ya mtoto haitoki kikombeni, hilo lisikukoseshe raha. Hata hivyo mama mkwe amekutahadharisha juu ya kinywaji ambacho kweli unapaswa kukipunguza, kwa hiyo mshukuru.

Mjamzito hushauriwa asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na Shirika la Afya Duniani linawataka wanaovuka 300 wapunguze, kwa kuwa wingi huo unahusishwa na mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kikombe kikubwa cha kahawa iliyochujwa kina takriban miligramu 95, na cha chai takriban 45. Vyako vinne vinafika kama 280. Isitoshe, kadiri mimba inavyokua ndivyo mwili unavyochelewa kuitoa kafeini, hata katika miezi ya mwisho nusu yake inaweza kukaa kwa saa 15. Nayo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ambaye ini lake bado haliwezi kuivunja. Bakiza kikombe kimoja cha kahawa kwa siku.

Lakini mimi nahofia zaidi ile chai unayomezea vidonge. Vidonge vile vina madini ya chuma, na chai na kahawa zote zina viambato vinavyoyashika madini hayo tumboni yasiingie katika damu. Katika jaribio moja maarufu la mwaka 1983, kikombe cha kahawa kilichonywewa pamoja na mlo kilipunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma kwa asilimia 39, na kikombe cha chai kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikuzuia kitu, ilhali iliyonywewa saa moja baada ya kula ilizuia sawasawa na ile ya pamoja na mlo. Kwa hiyo umekuwa ukimeza dawa kwa mkono mmoja na kuinyang'anya kwa mwingine, na hakuna aliyekueleza, jambo linalonisikitisha kwa sababu vidonge hivi hutolewa kila siku katika kliniki zetu.

Hamishia kidonge usiku, baada ya chakula na karibu na kulala, ukimeze kwa maji au maji ya chungwa. Wengi wanaotapika asubuhi hukivumilia wakati huo. Chai na kahawa zikae mbali nacho kwa saa mbili. Maharagwe, ndengu, kunde na terere vina madini ya chuma ya aina inayozuilika kwa urahisi, basi ukila githeri au mboga hizo katia nyanya au pilipili hoho mbichi, au maliza kwa chungwa, nawe kikombe ukitangulize saa moja kabla ya mlo badala ya kukifuatisha. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni vidonge. Baada ya mwezi mmoja rudi upimwe damu tena.

Je, kahawa huleta vidonda vya tumbo? – Msomaji wa Githurai

Haileti. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye hutibiwa kwa dawa. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni, hasa zikimezwa kiholela kwa muda mrefu. Kahawa huongeza asidi tumboni, hivyo inaweza kukuchochea kiungulia na maumivu uliyo nayo tayari. Ikikuuma, iache hadi utakapopona, na ukapimwe bakteria huyo badala ya kubadilisha vyakula mwaka hadi mwaka.

Nimesikia kahawa inasababisha saratani. Kwetu Bomet watu wengi wamekufa kwa saratani ya koo, nami nina hofu. – Msomaji, Umoja

Pole kwa msiba wa watu wako. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliwahi mwaka 1991 kuiorodhesha kahawa miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani ya kibofu. Mwaka 2016 lilipitia upya ushahidi uliokuwa umekusanyika, likaiondoa katika orodha hiyo, na likaona hata dalili kwamba wanywaji wa kahawa hupata saratani ya ini kwa uchache zaidi.

Katika kikao hichohicho, hata hivyo, lilitamka kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kosa hapo ni moto, kiwe kinywaji gani: kahawa, chai ya maziwa, uji, hata maji matupu. Saratani hii ni miongoni mwa zinazoua watu wengi nchini Kenya, na eneo la Bomet limejulikana kwa miaka mingi kuwa na wagonjwa wake wengi, ingawa moto wa vinywaji si sababu pekee. Pombe na tumbaku nazo zimo. Mimina kikombe, kiache dakika kadhaa, na ukilazimika kukivuta kwa kukipuliza basi bado hakijafaa kunywewa. Mtu yeyote nyumbani akianza kukwama na chakula kigumu, ugali ukawa haupiti ila kwa maji, asingojee; apelekwe akachunguzwe umio.

Kila mwaka siku mbili tatu za kwanza za Ramadhani kichwa huniuma hadi natamani kufungua. Mimi hunywa kahawa asubuhi na mchana. – Msomaji wa Eastleigh

Hayo ni maumivu ya kukosa kafeini. Huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hukithiri siku ya kwanza na ya pili, na kwa wengi huisha ndani ya siku tisa. Dawa yake ni kuanza mapema: katika majuma mawili ya mwisho ya Shaabani punguza kikombe cha mchana, kwanza nusu, kisha chote, halafu kile cha asubuhi ukisogeze karibu na alfajiri. Wakati wa mfungo wenyewe kunywa kikombe kimoja kidogo wakati wa daku pamoja na maji ya kutosha, na kama utataka kingine kiwe wakati wa kufuturu. Kile kinachonywewa baada ya tarawehe kitakula usingizi ambao tayari ni mchache. Jihadhari pia na vidonge vya kichwa vinavyouzwa madukani mitaani, kwani baadhi yake vimetiwa kafeini ndani. Ukivimeza kila usiku unajirudishia kilekile unachojaribu kupunguza, na kichwa kitaendelea kukuuma hadi Idi. Mwombe muuza dawa akusomee maandishi ya pakiti, na uchague parasetamoli iliyo peke yake.